Vitaly Mutko na kofia zake nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kombe la Dunia au Olimpiki ikikaribia, jina la Vitaly Mutko hurudi vinywani mwa watu, na mara nyingi hurudi likiwa limechanganywa na majina mengine. Wapo wanaodhani ndiye aliyejenga Sochi, mji wa Urusi ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2014, wapo wanaodhani bado amefungiwa, na wapo wanaomkumbuka kwa hotuba moja tu. Haya hapa maswali yanayojitokeza zaidi, na majibu yake.

Mutko ni nani hasa?

Vitaly Leontyevich Mutko ni mwanasiasa wa Urusi aliyeishika michezo ya nchi hiyo kwa miaka kumi. Aliteuliwa Waziri wa Michezo, Utalii na Vijana mwezi Mei 2008. Wizara ilipogawanywa mwaka 2012 akabaki na michezo, na Oktoba 2016 akapandishwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, michezo ikiwa bado mikononi mwake hadi Mei 2018. Ndani ya kipindi hicho hicho aliongoza shirikisho la soka la Urusi, akaketi kwenye kamati kuu ya FIFA na akawa mkuu wa kamati ya maandalizi ya Kombe la Dunia la 2018.

Uisome orodha hiyo tena polepole. Waziri, rais wa shirikisho, mjumbe wa FIFA, mwenyeji wa mashindano. Karibu kila utata unaomhusu umeanzia hapo, kwenye wingi wa viti vilivyokaliwa na mtu mmoja.

Alianzia wapi?

Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1958 huko Kurinskaya, kijiji cha mkoa wa Krasnodar, kusini mwa Urusi. Hakuwa mwanamichezo wa kutajika. Akiwa kijana alikwenda Leningrad (Saint Petersburg ya leo), akasomea usafiri wa mtoni na kufanya kazi melini, na mwaka 1987 akahitimu katika taasisi ya usafiri wa majini ya jiji hilo. Shahada ya sheria aliipata baadaye, mwaka 1999.

Siasa aliianza chini kabisa, kwenye ofisi za wilaya ya Kirovsky, na mwaka 1991 akawa mkuu wa wilaya hiyo. Mwaka uliofuata meya Anatoly Sobchak alimchukua kuwa mmoja wa manaibu wake, na kazi yake ikawa masuala ya jamii. Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesambaratika, bei zinapaa, wazee pensheni hazitoshi mkate. Mtu wa masuala ya jamii katika jiji kama lile alikutana na shida za watu kila asubuhi.

Ni kweli alifanya kazi na Putin wakati huo?

Kweli. Vladimir Putin alikuwa kwenye ofisi hiyo hiyo ya Sobchak, akishughulikia uhusiano na nchi za nje. Wengi walioitawala Urusi baada ya mwaka 2000 wametokea kwenye korido zile za Saint Petersburg, na Mutko ni mmoja wao. Sobchak aliposhindwa uchaguzi wa 1996, wasaidizi wake walitawanyika. Putin alikwenda Moscow. Mutko alibaki, akahamia kwenye soka.

Zenit ilimfaidi nini, na yeye aliifaidi nini Zenit?

Hapa ndipo alipojijengea jina. Zenit Saint Petersburg iliwahi kuwa bingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1984, kisha ikadidimia hadi kushuka daraja. Mutko aliingia uongozini katikati ya miaka ya 1990 na kuondoka mwaka 2003. Chini yake klabu ilirudi juu, ikatwaa Kombe la Urusi mwaka 1999, na ikajiweka karibu na Gazprom, kampuni ya gesi ambayo baadaye iliinunua. Zenit tajiri tunayoijua leo msingi wake uliwekwa siku zile.

Mimi namhesabia hilo kuwa kazi nzuri, tena bila kinyongo. Kuiokoa klabu inayozama si mchezo, na mashabiki wa jiji lile hawakumsahau. Ila hapo pia ndipo alipozoea kufanya mambo kwa namna yake: unaijua serikali, unaijua kampuni kubwa, unaziunganisha, timu inapata fedha.

Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ligi Kuu ya Urusi na akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 2003 akaingia Baraza la Shirikisho, yaani bunge la juu, kuiwakilisha Saint Petersburg.

Aliongoza shirikisho la soka mara ngapi?

Mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa 2005 hadi 2009, baada ya Vyacheslav Koloskov. Ndiye aliyemleta kocha Guus Hiddink kutoka Uholanzi mwaka 2006, na mshahara wa kocha huyo ulitoka kwenye mfuko wa bilionea Roman Abramovich. Matunda yalionekana Euro 2008: Urusi ya Andrei Arshavin iliichapa Uholanzi 3-1 kwenye robo fainali, kabla ya kufungwa 3-0 na Hispania kwenye nusu fainali. Kisha Novemba 2009 Slovenia ikawanyima tiketi ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini.

Mwezi huo huo Mutko aliachia ngazi. Rais wa wakati huo, Dmitry Medvedev, alikuwa ametamka kwamba viongozi wa serikali wasiongoze mashirikisho ya michezo. Lilikuwa agizo la busara. Lakini Septemba 2015 Mutko alirudi kwenye kiti kile kile akiwa bado waziri, na safari hii hakukuwa na wa kumuuliza. Alisimama kando Desemba 2017 na kujiuzulu rasmi Desemba 2018.

Kwani kuna ubaya gani waziri kuwa pia rais wa shirikisho?

Wakenya wanalielewa swali hili kwa uchungu. Novemba 2021 Waziri wa Michezo Amina Mohamed alilivunja shirikisho la soka la Kenya kwa tuhuma za ubadhirifu. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu serikali imeingilia soka. Harambee Stars ikakosa hata kucheza mechi za kufuzu AFCON, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba mwaka ule.

Sasa linganisha. Nchini Urusi serikali haikuwa na haja ya kuliingilia shirikisho, kwa kuwa serikali na shirikisho vilikuwa mtu mmoja. FIFA iliishi na hali hiyo kwa miaka. Sisemi Kenya ilikuwa sahihi. Nasema kanuni iliyowanyima vijana wa Kenya mechi zao haikuwa na makali yale yale Moscow, na mpenda soka yeyote wa huku ana haki ya kuumia.

Ubaya wenyewe ni wa kawaida tu. Waziri ndiye anayetoa fedha na kukagua zilivyotumika. Rais wa shirikisho ndiye anayezipokea. Zikipotea, nani atamwita nani ofisini?

Vancouver 2010 ilikuwaje hata watu wakataka ang'oke?

Kutoka Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, Kanada, Urusi ilirudi na dhahabu 3 tu na medali 15 kwa jumla, matokeo mabaya mno kwa taifa lililozoea kutamba kwenye barafu. Medvedev alitaka waliohusika waandike wenyewe barua za kujiuzulu. Leonid Tyagachyov wa kamati ya Olimpiki aliandika. Mutko hakuandika.

Baadaye ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilitoa ripoti ya matumizi ya safari ile, na humo ikaonekana bili ya waziri yenye vifungua kinywa 97 kwa siku 20. Mwenyewe alikana kufuja fedha. Kwa Warusi wa kawaida, namba hiyo ilibaki kichwani kuliko hesabu nyingine zote za ripoti.

Ile hotuba ya Kiingereza?

Tarehe 2 Desemba 2010, Zürich, siku ya kura ya Kombe la Dunia. Mutko alisimama mbele ya wajumbe wa FIFA na kusema kwamba anataka kuzungumza kwa Kiingereza kutoka moyoni, huku akisoma karatasi iliyoandikwa matamshi ya Kiingereza kwa herufi za Kirusi. Lafudhi ilikuwa nzito na nchini kwake alichekwa kwa miaka.

Mimi sioni cha kumcheka mtu anayejikaza kwa lugha ya wengine mbele ya dunia nzima. Wengi wetu tumewahi kusimama hivyo. Na kura zilikwenda kwake: duru ya kwanza Urusi 9, Hispania na Ureno 7, Uholanzi na Ubelgiji 4, Uingereza 2. Duru ya pili Urusi ikafika 13 kati ya 22, na kazi ikaisha.

Kura hizo zilikuwa safi?

Uchunguzi wa FIFA wenyewe haukuiondolea Urusi uenyeji. Muhtasari wake wa Novemba 2014 ulitaja, hata hivyo, kwamba wachunguzi walipata nyaraka chache kutoka Urusi kwa kuwa kompyuta zilizotumiwa na kamati ya kuomba uenyeji zilikuwa za kukodi, zikarudishwa na kuharibiwa. Aprili 2020 waendesha mashtaka wa Marekani walidai kwamba Jack Warner, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, aliahidiwa na kulipwa dola milioni 5 ili aipigie Urusi kura. Urusi ilikanusha. Mutko hakushtakiwa katika kesi hiyo.

Je, ndiye aliyejenga Sochi?

Hapana. Ujenzi na maandalizi ya Olimpiki ya Februari 2014 yalisimamiwa na Dmitry Kozak, naibu waziri mkuu. Mutko alibeba timu na matokeo. Na matokeo yalikuja: Urusi ilimaliza kileleni, medali 33 zikiwamo dhahabu 13. Miaka minne baada ya aibu ya Vancouver, waziri alikuwa shujaa.

Ni nini hasa kilifanyika Sochi?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na linataka tuanze nyuma kidogo.

Desemba 2014 televisheni ya Ujerumani, ARD, ilirusha filamu ya mwandishi Hajo Seppelt kuhusu dawa haramu katika michezo ya Urusi. Waliofichua siri walikuwa mke na mume: Yuliya Stepanova, mkimbiaji wa mita 800, na Vitaly Stepanov, aliyefanya kazi kwenye wakala wa Urusi wa kupambana na dawa haramu michezoni. Novemba 2015 tume ya WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa hizo, chini ya Dick Pound ilithibitisha mengi, na wanariadha wa Urusi wakafungiwa kimataifa.

Mei 2016 Grigory Rodchenkov, aliyekuwa mkuu wa maabara ya Moscow ya kupima dawa hizo, alilieleza gazeti la New York Times mambo yaliyotokea Sochi. Profesa Richard McLaren wa Kanada akapewa kazi ya kuchunguza, na ripoti zake za Julai na Desemba 2016 zilieleza hivi. Kwenye ukuta wa maabara ya Sochi kulikuwa na tundu. Usiku, chupa za mkojo wa wanariadha zilipitishwa tunduni kwenda chumba cha pili. Maofisa wa usalama wa taifa walikuwa wamepata njia ya kufungua chupa ambazo watengenezaji wake walisema hazifunguki bila kuvunjwa. Mkojo mchafu ulimwagwa, ukatiwa msafi uliokusanywa miezi kabla na kugandishwa, ukaongezwa chumvi ili vipimo vilingane, chupa ikarudi tunduni. Asubuhi yake kila kitu kilikuwa mahali pake.

Nje ya Sochi utaratibu ulikuwa mwingine. Sampuli ikionyesha dawa, taarifa ilipelekwa kwa naibu waziri, Yuri Nagornykh, naye akaamua huyu aokolewe au aachwe. McLaren alisema zaidi ya wanariadha 1,000 wa michezo zaidi ya 30 walihusika au walinufaika.

Na Mutko mwenyewe alijua?

Alikana siku zote kwamba kulikuwa na mpango wa serikali. Mei 2016 aliandika kwenye The Sunday Times la London kwamba Urusi inasikitika na kuona haya kwa kuwa waliodanganya hawakunaswa mapema, lakini lawama akaziweka kwa watu binafsi.

Tume ya IOC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, iliyoongozwa na Samuel Schmid, rais wa zamani wa Uswisi, haikupata nyaraka za kuthibitisha kwamba uongozi wa juu kabisa wa nchi ulihusika. Ila ilisema mfumo wa udanganyifu ulikuwepo, na kwamba waziri wa wakati ule ndiye mwenye dhamana ya yaliyotendwa na wizara yake.

Maoni yangu ni haya: naibu wake alikuwa ndani kwa mujibu wa ripoti zote, maabara ilikuwa chini ya wizara yake, na medali zilikuwa sifa yake. Waziri anayepokea sifa za medali apokee na mzigo wa chupa.

Aliadhibiwa vipi?

Kwanza, Rio 2016 hakupewa kibali cha kuhudhuria. Miezi miwili baada ya Rio akapandishwa kuwa Naibu Waziri Mkuu, na wizara akaachiwa Pavel Kolobkov, bingwa wa zamani wa Olimpiki wa mchezo wa vitara.

Machi 2017 kamati ya utawala bora ya FIFA, chini ya Miguel Maduro wa Ureno, ilimzuia kugombea tena ujumbe wa Baraza la FIFA kwa kuwa ni kiongozi wa serikali. Miezi miwili baadaye Maduro mwenyewe aliondolewa, na akaja kuwaeleza wabunge wa Uingereza kwamba alishinikizwa alegeze.

Tarehe 5 Desemba 2017 IOC iliisimamisha kamati ya Olimpiki ya Urusi na kumfungia Mutko Olimpiki zote zijazo, pamoja na Nagornykh. Kabla mwaka haujaisha Mutko aliachia uongozi wa kamati ya maandalizi ya Kombe la Dunia.

Kwa hiyo bado amefungiwa?

Hapana, na hili hukosewa sana. Julai 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliifuta adhabu ile. Tukumbuke pia kwamba Februari 2018 mahakama hiyo hiyo iliwaondolea adhabu wanariadha 28 wa Urusi walioshtakiwa kwa mambo ya Sochi, kwa kukosa ushahidi wa kutosha dhidi ya kila mmoja wao. Anayeisimulia habari hii ayaseme na hayo.

Sisi Waafrika inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, na hapa ndipo mimi hushindwa kukaa kimya.

Chukua London 2012, mita 800 wanawake. Mariya Savinova wa Urusi alipata dhahabu, Caster Semenya wa Afrika Kusini fedha, Ekaterina Poistogova wa Urusi shaba. Wa nne alikuwa Pamela Jelimo, yule binti aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2008. Alitoka uwanjani mikono mitupu. Savinova alivuliwa medali mwaka 2017. Poistogova akafuata mwaka 2024. Kwa hesabu ya leo Jelimo ndiye wa pili, lakini jukwaa, bendera, kelele za uwanja mzima na mikataba ambayo angeipata mwaka ule, hakuna anayeweza kumrudishia.

Michezo hiyo hiyo, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: Yuliya Zaripova wa Urusi alivuliwa dhahabu, ikaenda kwa Habiba Ghribi wa Tunisia, na Milcah Chemos wa Kenya akapanda kutoka nafasi ya nne hadi shaba. Mwaka 2011 kwenye mashindano ya riadha ya dunia kule Daegu, Korea Kusini, Savinova huyo huyo alimpita Semenya na Janeth Jepkosgei.

Na Afrika tulikuwa na mkono wetu ndani ya uchafu. Lamine Diack wa Senegal, aliyeongoza riadha ya dunia hadi 2015, alihukumiwa Paris mwaka 2020 kwa rushwa iliyohusu kuficha kesi za Warusi. Mkimbiaji wa marathoni Liliya Shobukhova alilipa yuro 450,000 ili kesi yake ifichwe. Kenya nayo ilitangazwa na WADA kuwa haijatimiza masharti mwezi Mei 2016, na orodha ya Wakenya waliofungiwa tangu hapo ni ndefu. Tofauti ni kwamba Kenya tatizo lilikuwa ulegevu wa mfumo na tamaa ya watu. Urusi, kwa mujibu wa McLaren, mfumo wenyewe ndio uliofanya kazi hiyo.

Ili nisiwe mchoyo: mashindano ya riadha ya dunia ya Moscow, Agosti 2013, chini ya wizara ya Mutko, yalitupa furaha pia. Stephen Kiprotich wa Uganda alishinda marathoni na kuingia uwanja wa Luzhniki peke yake, mwaka mmoja baada ya dhahabu yake ya London.

Kombe la Dunia lenyewe lilikwendaje?

Vizuri, kwa maandalizi. Viwanja 12, miji 11, kuanzia tarehe 14 Juni hadi 15 Julai 2018. Urusi iliifunga Saudi Arabia 5-0 siku ya ufunguzi, ikaitoa Hispania kwa penalti, ikatolewa na Croatia kwa penalti kwenye robo fainali. Timu zote tano za Afrika ziliishia makundi, Senegal ikitoka kwa hesabu ya kadi za njano tu. Mutko aliyeihangaikia michuano hiyo kwa miaka minane hakuwa tena kiongozi wake ilipoanza.

Yuko wapi sasa?

Mei 2018 alihamishiwa ujenzi na maendeleo ya mikoa, bado akiwa Naibu Waziri Mkuu. Serikali ilipojiuzulu Januari 2020 hakurudishwa, na mwaka huo huo akapewa kuongoza DOM.RF, taasisi ya serikali inayoshughulika na mikopo ya nyumba.

Nani ana kiti chake leo?

Baada ya Kolobkov alikuja Oleg Matytsin mwaka 2020, kisha Mei 2024 Mikhail Degtyarev, mzaliwa wa Samara aliyekuwa gavana wa Khabarovsk. Alikuta michezo ya Urusi katika hali nyingine kabisa. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, FIFA na UEFA ziliifungia timu ya taifa na klabu zake. Oktoba 2023 IOC iliisimamisha kamati ya Olimpiki ya Urusi kwa kuyaingiza mabaraza ya michezo ya maeneo ya Ukraine yaliyokaliwa na Urusi. Paris 2024 walikwenda Warusi 15 tu, bila bendera wala wimbo wa taifa.

Desemba 2024 Degtyarev, akiwa waziri, alichaguliwa pia kuwa rais wa kamati hiyo ya Olimpiki. Ilikuwa miaka 15 tangu Mutko aambiwe avue kofia moja.